Mapipa ya Figili Kwenye Sitaha ya Numagiri

Maizuru, 14 Januari 1978

Nozomi shoga yangu,

Picha imefika. Nimeitazama kwa miwani ya shangazi Fusae, na nimeitambua kabla sijaisoma kadi. Ni Numagiri yangu, ile manowari ya plastiki.

Kamba za mlingoti ni zangu. Unakishika kipande cha plastiki juu ya kijiti cha udi kinachowaka, kinalainika, unavuta polepole huku umebana pumzi, na ukibahatika unapata uzi mwembamba kuliko unywele. Nilimaliza udi wote wa madhabahu ya babu, mama akadhani nimekuwa mcha Mungu. Vitepe vya shaba kwenye sitaha nimevilaza mimi, kimoja kimoja, kwa kibano. Mirija ya topido inazunguka kwa sababu mimi niliitia pini. Manowari nzima inalala kwenye viganja viwili, nami niliijenga mwaka mzima.

Tulipohama niliiacha shuleni, kwenye kabati la klabu yetu ya wajenzi wa meli ndogo, kwa kuogopa isivunjike kwenye treni. Kaka Ogata wa darasa la juu aliniambia, "Usijali, Mizoguchi, nitakutunzia." Amenitunzia kweli. Ameipulizia rangi, akaandika "Numagiri, kazi ya Ogata Reiji", na karatasi ya dhahabu ya ushindi ikabandikwa juu yake. Tangu Mei iliyopita! Nawe ulikuwa unajua, ukanificha mpaka leo. Hilo nimeshakusamehe. La kwake, hapana.

Unasema nimwandikie mwalimu Koide wa klabu. Nimwambie nini? Unanijua, nikiulizwa jina langu darasani nalisahau. Na yeye ndiye aliyempigia Ogata makofi.

Nijibu haya tu. Ni kweli Ogata anaipeleka tena Mei hii, kwenye mashindano ya watu wazima? Na Mzee Uchida ndiye mwamuzi? Bado anatembea na kile kijiti cha meno, akimwambia kila mtu "Zungusha"?

Chihaya

*

Shizuoka, 22 Januari 1978

Chihaya wee,

Kwanza punguza kunitisha. Nilisoma barua yako chini ya dawati, mwalimu asinione.

Ndiyo, anaipeleka. Mwaka jana ilikuwa kundi la wanafunzi, na Mzee Uchida alikuwa amelazwa na figo zake. Amepona, anarudi, kijiti cha meno mdomoni. Wiki iliyopita alikuja kwenye duka la vifaa vya wajenzi, fundi mmoja akamwonyesha meli yake mpya. Mzee hata salamu hakutoa. "Zungusha." Mzinga ukagonga ngazi. "Basi huo si mzinga," akasema, "hiyo ni kofia." Yule baba wa watu alitaka kulia.

Ogata hajapata kuizungusha Numagiri hata siku moja. Anaibeba kama yai. Anachojua ni rangi, hapo sitamsingizia, rangi anaiweza. Sasa anajitapa kwamba ataibadilisha iwe kama ilivyokuwa mwaka wa mwisho wa vita. Ametoa tangazo kwenye jarida la wajenzi: kama kuna baharia yeyote wa Numagiri aliye hai, amwandikie. Anapenda sana hadithi za wazee. Ukimwambia nahodha alifuga paka, atamtengeneza paka.

Mbona unauliza? Usinijibu. Nijibu.

Nozomi

*

Maizuru, kwa kinyozi Fusae
6 Februari 1978

Kijana Ogata,

Baada ya salamu. Huku theluji imeanza kulegea mapaani na kudondoka kwa kishindo, na kila ikidondoka mimi hushtuka, maana masikio yangu bado yako vitani.

Jirani alinisomea tangazo lako. Mimi nilikuwa serahangi wa Numagiri, msimamizi wa mabaharia wa sitahani, katika mwaka wake wa mwisho. Macho yangu ni mabovu, kwa hiyo namwomba mtoto wa kinyozi aniandikie. Umsamehe mwandiko wake wa shule.

Mengi ya meli ile utayapata kwenye michoro. Nitakwambia moja lisilochorwa. Chakula kilikuwa kimeanza kuwa haba, na mpishi wetu, mtu wa milimani, alikataa kabisa kwenda baharini bila figili zake za kuchachusha. Jikoni hapakuwa na nafasi. Nikaamuru mapipa manne yafungwe juu ya sitaha, upande wa kushoto, kando kabisa ya mirija ya topido ya nyuma, mahali pasipopigwa sana na mawimbi. Vijana wangu walicheka wakiyafunga. Harufu yake ilifika mpaka kwa nahodha, na nahodha akaomba kipande.

Picha hazipo. Sisi tuliokula ndio picha zenyewe, nasi tunapungua. Ukiyaweka mapipa yale, nitajua kwamba kuna mtu aliyenisikia.

Hisamatsu Tokuji

*

Shizuoka, 15 Februari 1978

Mheshimiwa Mzee Hisamatsu,

Sijui nianzeje kukushukuru. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mguuni.

Mapipa nimeyatengeneza jana. Nilikata vipande vya plastiki ya duara, nikachora mbao zake kwa sindano na pete zake kwa wino. Rangi nimeipa ya mbao iliyolowa chumvi. Nimeyagandisha palepale uliposema. Mama alipoyaona akasema anasikia harufu, ingawa mama ni mtu wa utani.

Sitaki kukudanganya wewe uliyekuwa kwenye meli yenyewe, kwa hiyo niseme kwamba meli hii ilianzwa na msichana fulani wa klabu yetu aliyehama. Alikuwa mzuri kwa kazi ndogondogo. Lakini ilikuwa plastiki tu, haina roho. Sasa, kwa ajili yako, ina roho.

Tafadhali, Mzee, uje kwenye maonyesho ya Mei uwe mgeni wangu. Nauli nitatoa mimi.

Ogata Reiji

*

Maizuru, 20 Februari 1978

Nozomi,

Msichana fulani. Mzuri kwa kazi ndogondogo.

Nimeyaandika maneno hayo kwa penseli nyuma ya kamusi yangu, ili nikitaka kumwonea huruma niyasome.

Sikukujibu kwa sababu ungenizuia. Sasa mambo yamekwisha, kwa hiyo nakwambia. Mzee Hisamatsu ni mimi. Mapipa ni yangu. Nimeyatungia mahali pamoja tu ambapo hayawezi kukaa, ndani ya mzunguko wa mirija ya topido. Mirija ile ikigeuzwa kuelekea baharini, inayafagia mapipa yote. Hakuna serahangi duniani ambaye angeweka kitu pale, labda awe amechoka kuishi. Mtu yeyote aliyewahi kuizungusha mirija hiyo angejua papo hapo. Mimi niliizungusha kila jioni kabla ya kulala. Yeye hajaizungusha hata mara moja, na meli anaiita yake.

Mei, mbele ya watu wote, Mzee Uchida atamwambia "Zungusha."

Usinikemee. Kula chenza moja kwa niaba yangu, huku ni ghali.

Chihaya

*

Shizuoka, 27 Februari 1978

Chihaya,

Nimekula matatu. La kwanza kwa ajili yako, mawili ya kuondoa hofu.

Unatisha, unajua? Miaka yote nimekaa na wewe kwenye meza yenye blanketi na moto chini yake, unaniomba nikuagizie chai kwa sababu unaona haya kuongea na mwenye duka, kumbe ndani mmekaa serahangi.

Ila kuna hili. Kaka Ogata amebandika barua yako kwenye ubao wa klabu. Anawasomea wa mwaka wa kwanza. Jana mwandishi wa gazeti la mkoa alikuja kumpiga picha na mapipa yake. Gazeti, Chihaya. Watu watasoma.

Nozomi

*

Sakata, 9 Aprili 1978

Bwana Hisamatsu Tokuji,

Hunijui. Mimi ni Imaoka Tsuru, nauza tofu ya soya. Mtu aliyerudi kutoka Shizuoka alinifungia zawadi kwa gazeti, na gazetini mlikuwemo wewe na mapipa yako. Kijana Ogata ndiye aliyenipa anwani. Ni kijana mwenye adabu, hakuniuliza kwa nini nakutafuta.

Mdogo wangu Seiji alikuwa baharia wa daraja la mwisho kwenye Numagiri, mwaka huohuo wako. Tuliambiwa aliteleza usiku wa dhoruba akachukuliwa na bahari. Vita vilipokwisha, mwenzake alipita kwetu. Tulimpa wali uliokuwepo. Alipomaliza kula akasema Seiji hakuteleza. Kamba aliyoifunga ilikuwa imefunguka. Serahangi akampiga kwa rungu mpaka miguu ikakataa kusimama, kisha akamtuma aende nje kwenye mawimbi akaifunge upya. Nilimuuliza jina la serahangi. Akasema ana watoto, na akaondoka hata chai hakunywa.

Nimeandika wizarani, nimeandika kwa vyama vya mabaharia. Wote wameniambia majina ya mabaharia wa meli ile yalizama nayo. Na sasa wewe unajitokeza mwenyewe gazetini, unasimulia figili.

Umesema vijana wako walicheka wakiyafunga mapipa. Seiji alikuwa mmoja wao? Yeye naye alicheka?

Nimekata tiketi ya kwenda Shizuoka Mei. Usipokuwepo, nitakuja huko kwa kinyozi. Usiogope, sitabeba kitu. Nataka unitazame usoni uniambie ilikuwa kamba ipi, na kama ilikuwa kamba ya mapipa yako.

Imaoka Tsuru

*

Maizuru, 16 Aprili 1978

Mama Imaoka,

Hisamatsu Tokuji hayupo. Hajawahi kuwepo. Mimi ndiye niliyeandika barua ile. Naitwa Mizoguchi Chihaya, ni mwanafunzi wa sekondari, nina miaka kumi na sita, na kinyozi Fusae ni shangazi yangu.

Hakukuwa na mapipa. Hakukuwa na mtu aliyecheka. Yule kijana Ogata alichukua manowari niliyoijenga akaiita yake, nami nikatunga serahangi ili nimtegee aaibike mbele ya waamuzi. Nilichagua serahangi kwa sababu kufunga vitu sitahani ni kazi yake, basi. Sikufikiri kwamba Numagiri ya kweli ilikuwa na serahangi wa kweli, wala kwamba kulikuwa na mtu anayemtafuta. Kwangu ilikuwa meli ya kwenye kiganja.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Nakuomba radhi. Naomba usisafiri kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Sijui serahangi wa kweli ni nani. Ningejua ningekwambia, hata kama ana watoto.

Mizoguchi Chihaya

*

Sakata, 23 Aprili 1978

Wewe mtoto,

Barua yako niliitupa kwenye ndoo ya maji ya soya. Kisha nikaitoa, nikaianika juu ya jiko, nikaisoma tena. Bado inanuka.

Kwa wiki mbili nilikuwa na mtu wa kumchukia mwenye jina na anwani. Hujui raha yake. Nililala usiku kucha. Wateja walisema tofu imekuwa nzuri. Umenipa mtu, kisha umemchukua, halafu unaniwekea radhi mahali pake. Radhi yako nitaifanyia nini?

Nimeona jambo moja. Umeniomba radhi mimi, lakini hujasema hata mara moja kwamba unajuta kumtegea yule kijana. Hapo hukunidanganya, ndiyo maana nakujibu.

Sasa nisikilize. Aliyemuua Seiji alijificha nyuma ya cheo, kisha nyuma ya woga wa wenzake, kisha nyuma ya meli iliyozama. Wewe umejificha nyuma ya mzee wa kutunga. Sikwambii umwache kijana. Kakuibia, na asiyekasirika akiibiwa simwelewi. Ila ukimpiga mtu, ajue ni mkono wa nani. Mimi hilo ndilo nililonyimwa, na wewe unataka kumnyima hata adui yako.

Unasema una haya. Barua haina uso. Mwandikie. Tia jina lako.

Tiketi sitairudisha. Nitakwenda kuiona hiyo meli. Sijawahi kujua ilikuwa na umbo gani.

Imaoka

*

Maizuru, 30 Aprili 1978

Kaka Ogata,

Hisamatsu Tokuji ni mimi. Mwandiko wa shule uliousamehe ni wangu. Uliuona mwaka mzima kwenye daftari za klabu na hukuutambua.

Chukua kijiti cha meno. Sukuma mirija ya topido ya nyuma, taratibu, kuelekea upande wa kushoto. Itakwama kwenye pipa la pili. Ungekuwa umeijenga wewe ungejua tangu siku ya kwanza.

Maonyesho yamekaribia, nami sikufichi kitu tena. Ukiyaacha mapipa, Mzee Uchida atakwambia uzungushe. Ukiyang'oa, gundi imeshayeyusha plastiki, na sitaha itang'oka nayo pamoja na vitepe vya shaba. Atakuuliza mbona kuna kovu na mbona hukulitengeneza, na wewe huwezi kulitengeneza, kwa sababu hujui vitepe vile hulazwaje. Sijui lipi litakuuma zaidi. Ndiyo maana nakuachia uchague mwenyewe.

Hii si barua ya kuomba radhi. Niliyemkosea ni Mama Imaoka wa Sakata, yule aliyekuomba anwani. Mdogo wake alifia kwenye meli ile. Atakuja. Ulisema meli yangu ni plastiki tu, haina roho, mwambie yeye.

Msichana fulani,
Mizoguchi Chihaya

*

Shizuoka, 21 Mei 1978

Chihaya,

Nimekupigia simu kwa shangazi yako ukakataa kuja kwenye simu, kwa hiyo soma sasa.

Ogata aliyaacha mapipa. Mpaka dakika ya mwisho sikujua kama barua yako imemfika. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono mgongoni. Mzee Uchida akaja, akainama, akaangalia rangi muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa kijiti mdomoni, akakifuta, akampa.

"Zungusha."

"Haizunguki, Mzee."

"Hujajaribu."

"Nimejaribu nyumbani. Inagonga mapipa."

Mzee akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Hii manowari inapigana," akasema, "au imeenda kuuza figili?"

Watu wakacheka. Chihaya, walicheka haswa, hata wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanasomewa barua. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kama wewe, nami nikacheka pia.

"Nani kakwambia uyaweke hapo?"

"Aliyeijenga meli, Mzee."

"Kadi inasema umeijenga wewe."

Masikio ya Ogata yakawa mekundu kama ya mtu aliyechapwa. Kisha akasema, na akasema kwa sauti, maana mwalimu Koide alisikia kutoka meza ya pili: "Kadi inasema uongo. Imejengwa na Mizoguchi Chihaya, aliyehamia Maizuru. Mimi nilipaka rangi."

"Na huyo Mizoguchi alijua kwamba mirija itagonga?"

"Alijua. Ndiyo maana aliniambia."

Mzee Uchida akacheka mpaka akakohoa, akashikwa na mjukuu wake. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaigeuza kadi kifudifudi, akasema, "Iondoe mezani." Basi. Akaenda kwa mwingine.

Mama mmoja aliyevaa kimono cha kijivu alikuwa amesimama pembeni wakati wote. Akamrudisha Mzee kwa kumshika mkono wa koti. Akamuuliza, mtu akitumwa kufunga kamba nje usiku wa dhoruba, anasimama wapi? Mzee hakuuliza kwa nini. Akachukua kijiti chake akaonyesha, "Hapa, Mama. Anakuwa ameshika hapa." Palikuwa padogo kuliko punje ya ufuta. Yule mama akapainamia. Ogata akamletea kiti, hakukaa.

Mchana Ogata alinipa sanduku. Meli imo ndani, imefungwa kwa pamba. Akasema, "Mpelekee." Nikamwambia, "Neno lolote?" Akasema hana. Nimeiweka juu ya kabati letu, mdogo wangu haruhusiwi kuikaribia. Niilete au utaifuata?

Nozomi

*

Sakata, 28 Mei 1978

Mizoguchi,

Nimerudi dukani. Miguu imevimba, lakini tofu haingojei.

Nimeiona meli. Nilidhani ningeona kitu kikubwa. Nimeona pia mahali penyewe, na sasa nikifumba macho najua pa kumweka Seiji. Kwa hilo sikushukuru, maana hukulikusudia.

Kijana wako nilimtazama vizuri. Nilisimama karibu kiasi cha kumgusa. Wakati watu wanacheka nilimtazama shingo, nilimtazama mikono, kwa niaba yako, kwa kuwa wewe hukuwepo. Nilidhani nami ningeonja raha yake kidogo. Sikuonja kitu. Labda kwa sababu hakuwa wangu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa wako umempata. Siku uliyoambiwa ameaibika, ilikuwaje? Uliweza kula chakula cha jioni? Ulilala? Asubuhi ulipoamka raha ilikuwa bado ipo, au ilikuwa imekwisha?

Usiniandikie linalopendeza. Mimi bado namtafuta wangu, na safari hizi zinachosha; nataka kujua ninachokwenda kuchukua.

Imaoka Tsuru